Figo ya Opiyo

Mtu akikuambia ndugu yangu Okello alirogwa, usimsikize. Akikuambia alikuwa mgonjwa mkaidi, vile walisema kule Nairobi, huyo mlete kwangu sokoni, upande wa omena, wale dagaa wa ziwa, aulize Hulda. Hapo ataona kazi. Nimesikia upuuzi mwingi juu ya huyu kijana, kutoka kwa watu wa suti na watu wa bakora, na leo nitasema yangu.

Jeconia Okello ni kitinda mimba wetu. Kwetu Alego mama alinizaa mimi, halafu mapacha, Opiyo na Odongo, halafu yeye. Mtoto akifuata mapacha anaitwa Okello, hakuna anayeuliza. Odongo alikufa kabla ya kuota meno, kwa hivyo Opiyo alikua akimshika Okello mkono kila mahali, huwezi kumtuma mmoja dukani bila mwingine. Mimi niliolewa nikaja Eldoret, bwana wangu akafariki, nikabaki mtaa wa Langas na kiploti changu na samaki wangu. Wale wawili wakanifuata. Opiyo akapata lori la kubeba mahindi kutoka Turbo kwenda Nairobi, mke wake Aketch akabaki nyumbani Alego na watoto. Okello akaingia kiwanda cha nguo, akawa fundi wa mitambo ya kufuma. Na alikuwa na mdomo huyo! Angeigiza sauti ya meneja mpaka wenzake washike mbavu. Jumamosi alikuwa golikipa wa timu ya kiwanda, na akifungwa bao alilaumu jua, hata kukiwa na mawingu.

Mwaka wa themanini na tano miguu yake ilianza kuvimba. Halafu uso. Halafu akawa anatapika kila anachokula. Tulizunguka hospitali hadi tukachoka, mwishowe Nairobi wakasema figo zake zote mbili zimekwisha, ataishi kwa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na mashine zenyewe ni za kupigania. Kulikuwa na msichana alikuwa amemchumbia, watu wake walipopata habari ya mashine wakavunja uchumba. Sawa. Sina ugomvi na wao, kila mtu anamhurumia binti yake.

Daktari akasema kuna njia nyingine: ndugu wa damu ampe figo moja. Nilikuwa naanza kufungua mdomo niseme mimi hapa, Opiyo akanikata. Akasema, "Mimi niko na mbili, na lori haliulizi ziko ngapi." Hivyo tu. Walimpima, damu ikakubaliana, na mambo ya pesa tukaita harambee. Hata hiyo ilitaka kibali cha chifu, na chifu mwenyewe alikuja akakalia kochi la jirani, akatuhutubia juu ya amani, upendo na umoja huku mgonjwa amelala ndani anatapika. Nilitabasamu kwa sababu ya kibali. Lakini meno yaliuma.

Basi, walipasuliwa, na figo ya Opiyo ikashika. Daktari alituambia ilianza kutoa mkojo hapo hapo kwenye meza. Nililia. Niliwahi kufikiria siku moja nitamshukuru Mungu kwa sababu ya mkojo? Waliiweka upande wa kulia, chini ya tumbo, ungeweza kuishika kwa nje ukasikia kitu kama ngumi ndogo. Opiyo alikuwa anamgusa pale akimsalimia. "Mtoto wangu hajambo?" Okello anamjibu, "Analala tu, baba, mvivu kama wewe."

Kulikuwa na sharti moja. Vidonge, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Daktari alisema mwili unaijua figo hii kuwa si yake na utataka kuifukuza, vidonge ndivyo vinauzuia. Siku utakapoacha, mwili utaanza vita. Tulielewa wote, sisi si wajinga. Kitu hatukuambiwa ni vile vidonge vyenyewe vinaweza kumbadilisha mtu. Okello alivimba mashavu, uso ukawa duara, shingo ikanenepa. Na watu wa Langas, mnawajua, kwao mtu mnene ni mtu mzima. "Eh, Okello, umenona! Nairobi ilikulisha vizuri!" Kazini wakaanza kumwita Bwana Mkubwa. Wanapiga makofi, wanacheka naye, na yeye usiku hapati usingizi, asubuhi anaamka na machozi bila sababu, mchana anafoka kwa kijiko kilichoanguka. Nani angemwamini mtu mwenye mashavu vile akisema anaumwa? Akaacha kusema. Lakini vidonge alimeza. Opiyo kila akipita na lori alikuwa anauliza, na Okello alikuwa anammezea mbele ya macho yake, halafu anatoa ulimi nje kuonyesha kimekwenda.

Desemba ya themanini na saba, Opiyo aliondoka Turbo na mzigo wa mahindi. Pale Timboroa kulikuwa na ukungu, trela lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, halina hata tawi la majani nyuma la kuonya mtu. Opiyo aliingia chini yake. Sitasema zaidi.

Tulimpeleka nyumbani Alego. Na hapo ndipo hasira yangu inaanza, kwa sababu hata kabla udongo haujakauka watu walishaanza. Ati Opiyo alikosa nguvu ya kushika usukani kwa sababu alitoa figo. Jamani! Lori linaendeshwa na figo? Watu wanasema hivyo wameshika sahani za nyama ya matanga, na Okello amekaa hapo hapo, anasikia kila neno. Nilimwambia mmoja wao, mzee mzima, ale anyamaze au aache nyama. Alinyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshaingia pale yalipotaka kuingia.

Halafu Mzee Bethwel akasimama. Mzee Bethwel ni binamu wa marehemu baba yetu, ndiye anayeshika mambo ya mila katika boma letu, na sitasema ni mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu. Ukiwa na yeye hakuna kitu kinachoruka foleni: nani ajenge kwanza, nani apande kwanza, nani anyolewe lini. Akasema kuna jambo ambalo wazee wa zamani hawakukutana nalo, kwa hivyo lazima tuende pole pole. Opiyo hajalala mzima. Kipande chake kiko juu ya ardhi bado, kinatembea. Basi matanga hayawezi kufungwa. Mjane hawezi kutolewa katika hali yake ya matanga, hawezi kuingia nyumba za watu, na hawezi kupanda shamba mpaka kipande hicho nacho kilale. "Tutangoja," akasema. "Hakuna haraka." Akakaa, akaomba chai.

Hakuna haraka! Mtu ana watoto wadogo, mvua ya Machi inakuja, na wewe unamwambia akae na jembe lake akingoja shemeji yake afe, halafu unaongeza hakuna haraka! Nilisimama nikasema. Niliambiwa mimi ni binti aliyeolewa, boma langu liko kwingine, niwaachie wenyewe. Aketch alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameinamisha kichwa. Okello hakuinua macho hata kidogo.

Mimi nilichukulia ni maneno ya wazee, yatapoa. Tukarudi Eldoret. Okello akaacha kuigiza watu. Alirudi kazini wiki mbili, halafu akawa anakaa tu kwenye kiti mlangoni, uso umeelekea ukuta wa jirani. Chakula anakigusa kama anakipima joto. Mhubiri mmoja alikuja akasema ni roho ya mauti, ikemewe. Wenzake wa kazini wakasema ni uvivu wa mtu aliyezoea kuhurumiwa. Tulienda kliniki Nairobi, daktari mkubwa akauliza bila kuinua kichwa, "Unameza dawa?" Okello akasema, "Ndiyo." Daktari akaandika. Tumetoka Eldoret mpaka Nairobi kwa swali moja. Hata mnunuzi wa ng'ombe huuliza ng'ombe amelalaje.

Na nyumbani nilimwona akimeza. Asubuhi kidonge, maji, kichwa nyuma. Jioni vivyo hivyo. Ningejuaje?

Aliyejua ni Waceke. Huyu ni jirani yangu, mwenye duka na kuku, mama wa Nyeri, mdomo wake na wangu tunaelewana. Siku moja akaniita kwenye ua. "Mama Omena, ndugu yako anapanda nini kule nyuma ya choo?"

"Anapanda nini vipi?"

"Kila asubuhi anachimba na kijiti, anafukia, anakanyaga. Kuku wangu wamekufa wawili. Kama ni bangi niambie tu, mimi si polisi."

Nilienda na jembe. Sikuchimba sana. Vilikuwa vidonge, kumbe alikuwa anavificha shavuni, vingine vimeyeyuka, vingine vizima, vimefukiwa kwa mistari kama mbegu za kitunguu. Nikaenda mlangoni kwa Okello, mkono umejaa udongo na vidonge, nikamwita jina ambalo siwezi kulirudia hapa. Nikamuuliza kama anajua watu waliuza mbuzi kwa ajili ya hivi vitu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikuvitupa chooni, dada. Nilivifukia kwa heshima."

"Na kwa nini humezi?"

Akageukia ukuta wa jirani. Nilipomshika bega nikasikia moto. Alikuwa na homa, miguu imeshaanza tena kujaa maji, na alipotaka kusimama akashika upande ule wa kulia akauma mdomo. Waceke ndiye aliyefunga duka lake, akatafuta gari la mtu anayemfahamu, tukaenda Nairobi siku ile ile.

Sasa sikia vile watu waliosoma wanavyoweza kufanya. Daktari mkubwa alisimama mwisho wa kitanda na wanafunzi wake, akawaambia, Okello akisikia, mimi nikisikia: huyu ni mgonjwa mkaidi. Ameacha dawa kwa hiari yake. Mwili umeanza kuikataa figo. Kuna sindano kali za kujaribu kuiokoa, lakini sindano hizo ni chache, na kuna wagonjwa wanaomeza dawa zao. Wanafunzi wakaandika. Wote wanaandika, hakuna anayeuliza!

Nilipasuka. Nilisema kwa sauti iliyosikika wodi nzima. "Daktari, mtu anakatwa tumbo, anashonwa, anameza dawa mwaka mzima na zaidi bila kukosa, halafu siku moja anaacha, na nyinyi wote hapa na makoti yenu hakuna aliye na mdomo wa kumuuliza kwa nini?" Nesi akaniambia nipunguze sauti, kuna wagonjwa. Nikamwambia najua kuna wagonjwa, nimeleta mmoja, na kama ni kunitoa watanitoa wakinibeba. Daktari mkubwa akaondoka. Wanafunzi wakamfuata. Mmoja tu alirudi, si mwanafunzi bali daktari kijana, mwembamba, anaitwa Daktari Wamalwa, akavuta kiti.

Huyo sitamsahau. Hakusema dawa, hakusema figo. Alisema, "Bwana Okello, pole kwa ndugu yako. Ulikuwa unalala usiku?" Okello akatikisa kichwa. "Ulikuwa unawaza nini?" Nilitaka kumjibia, kijana akanionyesha mkono ninyamaze, na mimi, Hulda, nikanyamaza.

Okello akasema akiangalia dari. "Mvua inakuja. Shemeji yangu hawezi kupanda mpaka mimi nizikwe. Watoto wa Opiyo watakula nini? Nikiishi mwaka, watalala njaa mwaka. Nikiishi miaka kumi je? Nilisema wacha hii figo irudi kwa mwenyewe. Kila nikimeza kidonge nilikuwa nasikia namnyang'anya mtu aliyekufa."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Mwezi mzima na zaidi mtu ananisalimia asubuhi, ananywa chai yangu, na ndani amejihukumu kufa ili mahindi yapandwe. Na wote tulikuwa tunamwangalia uso, tunasema amenona.

Daktari Wamalwa hakucheka, wala hakusema hiyo ni mila ya kishamba. Alimwambia kwamba huzuni ya aina hiyo nayo ni ugonjwa, na vile vidonge vyenyewe huweza kuichochea, na angepaswa kuulizwa mapema. Alisema, "Hilo ni kosa letu." Daktari kusema hivyo! Halafu akatoka kwenda kupigania sindano. Sijui alisema nini kwa mkubwa wake, lakini aliporudi kola ilikuwa imelowa jasho na sindano alikuwa nazo.

Akaniambia nje, kwenye korido, "Mama, hii inaweza kuituliza figo kama bado haijachelewa. Lakini akirudi nyumbani na mawazo yale yale, tumefanya kazi bure. Huyo shemeji anajua?"

Sikujua kama anajua. Nilimtuma mpwa wa marehemu bwana wangu anayefanya kazi posta Nairobi apige simu kwa shule ya karibu na boma letu, mwalimu akampelekea Aketch habari. Nilichotarajia ni salamu. Mjane aliye katika hali ile haingii nyumba ya mtu, sembuse kuvuka nchi nzima kwa basi.

Siku ya tatu nikaona mwanamke anaingia wodini na nguo ya matanga, ameigeuza ndani nje kama wazee wanavyomtaka mjane, miguu imejaa vumbi. Aketch. Huyu ni mwanamke ambaye ukimsalimia anajibu kwa kunong'ona. Akapita vitanda vyote bila kuuliza mtu, akafika kwa Okello, akasimama hapo.

"Shemeji," akasema, "unataka kufa kwa ajili yangu. Nani alikutuma?"

Okello akageuza uso ukutani. "Mvua inakuja, Aketch."

"Mvua imekuja. Na nimeshapanda. Nimepanda lile shamba lote la chini, wiki iliyopita, mimi na watoto. Mzee Bethwel alikuja akasimama kwenye ukingo akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia nimeshika jembe, Mzee, si unaona? Sikungoja ruhusa yake na sikungoja kifo chako. Sasa mahindi yako ardhini, wewe unakufia nini?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinuka kwa kiwiko ili asikie vizuri.

Aketch akaanza kulia, lakini ni kilio cha hasira, nakijua hicho. "Mume wangu nilimzika. Mikono, miguu, kila kitu trela ilichoacha, nimezika. Kitu kimoja tu alikiweka mahali trela haikufika. Kimoja! Na wewe unataka kwenda kukifukia. Ukifanya hivyo, Okello, sitakuja matanga yako. Naapa. Nitakaa shambani napalilia."

Hakuna mtu aliyemwambia apunguze sauti. Nesi yule yule alisimama mlangoni na sinia la dawa za jioni. Aketch akamnyang'anya kikombe cha vidonge, akakiweka kwenye kifua cha Okello, akafunga mikono. Okello alikiangalia kwa muda. Halafu akanyoosha mkono akaomba maji.

Usifikiri mambo yalinyooka hapo hapo. Sindano zilimtesa. Siku nyingi tulikaa tukingoja chupa ya mkojo, na ikija tupu hakuna aliyemwangalia mwenzake. Figo iliamka, lakini haikuamka yote. Daktari Wamalwa alituambia wazi kwamba sehemu imekufa na haitarudi, iliyobaki itabidi ichungwe sana. Hiyo sehemu iliyokufa, nani atailipia? Mzee Bethwel? Walaji wa nyama ya matanga? Daktari aliyeuliza bila kuinua kichwa? Mpaka leo nikifikiria hilo, samaki namkata vibaya.

Tulirudi Langas mwezi wa tano. Daktari Wamalwa alikuwa amempunguzia zile za kuvimbisha, akampa na nyingine ya kumsaidia kulala, na akamtaka kila kliniki akae naye kwanza waongee, kabla ya kupimwa damu. Hasira za vijiko zilipungua. Machozi yalibaki, mara moja moja, na sasa akilia alikuwa anasema ni nini.

Mwezi wa sita Mzee Bethwel akaja. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka nyumbani, na kofia yake, na kuku wa kunipa. Nilimkaribisha, mkubwa ni mkubwa. Alikunywa chai, akauliza mvua ya huku, akazunguka zunguka, mwishowe akafika. Wazee wamekaa tena. Aketch amevunja utaratibu, lakini wamekubali kumsamehe. Iliyobaki ni Okello akubali mbele ya watu kwamba ile figo ni ya kaburi la Opiyo, na siku yake ikifika itolewe ilazwe pale. Akubali tu kwa mdomo, basi matanga yafungwe, kila mtu apumue. "Hatukuambii ufe, mwanangu," akasema kwa upole. "Hakuna haraka."

Nilikuwa nimeshashika kiti ili nisimame. Lakini Okello alinitangulia. Alisimama na uso wake wa duara umekuwa mweusi, mishipa ya shingo imetoka, na huyu ni mtu ambaye tangu tuzike ndugu yetu hakuwa ameinua sauti kwa mtu mzima.

"Mzee, Opiyo hakuiangusha njiani ndipo nikaiokota! Alinipa! Alikuwa hai, ana akili zake, akalala kwenye kitanda cha pili akanipa, na aliamka akaniuliza kama inafanya kazi. Kitu nimepewa na mwenyewe akiwa hai ni changu. Si cha kaburi, si cha wazee. Ni yangu! Na sitaki tena kusikia hakuna haraka katika hii nyumba!"

Mzee Bethwel alitafuta kofia yake, ilikuwa kichwani.

Okello alikuwa amekunja ngumi, anamfokea mzee wa ukoo ndani ya nyumba yangu, jambo ambalo kwetu ni aibu ya kuombewa radhi. Nilipaswa kumkemea. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, kwa sababu mtu aliyekubali kufa hapiganii mali yake.